Breki za Kumleta Mama Nyumbani

Jumatatu, 10 Juni

Aibu! Nimefunga breki mbele ya lango la hospitali, mlinzi akaruka pembeni akidhani kuna mbuzi amekanyagwa. Hakuna mbuzi. Ni gari letu dogo. Likisimama linalia kulia na kushoto, sauti mbili, ya kwanza na ya pili, kama kwaya.

Tulikwenda kumwona mama mkwe. Mguu wake uliovunjika unaunga vizuri. Daktari kasema Jumamosi anatoka, ila asiishi peke yake kwanza. Akae na mmoja wetu mpaka auzoee mguu. Mmoja wetu! Nikasimama wima palepale. Kumbe wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ameshasimama zamani.

Namtaka Mama kwetu. Aliyenizaa alitangulia mbele ya haki, Chiriku akiwa bado tumboni. (Chiriku ni binti yangu, miaka miwili, hanyamazi, ndiyo maana anaitwa hivyo.) Siku ya kujifungua, mama mkwe ndiye aliyenishika mkono, na hakuuachia hata nilipomng'ata. Mtu uliyemng'ata asikuachie, huyo si mkwe tena, ni mama. Chumba chake kiko tayari. Nimeshona pazia, na kitambaa kilichobaki nimeshona foronya. Vinafanana. Mtu ambaye pazia lake na foronya yake vinafanana hawezi kuchelewa kupona.

Wifi kasema pazia sawa, hongera, lakini mama yake hapakizwi kwenye gari linalopiga mayowe. Yeye analo kubwa, jeusi, vioo vinapanda vyenyewe. Mume wangu ni mtu wa amani, akapatanisha. Breki zetu zikipona kabla ya Jumamosi, tutamchukua sisi na atakaa kwetu. Zisipopona, atachukuliwa na Wifi na atakaa kwa Wifi. Wifi akauliza breki hizo atazichagua nani. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akaegemea ukuta wa wodi. Akasema, wifi yangu jamani, wewe unajua kuchagua zipu.

Ndiyo, najua. Mimi ni fundi cherehani. Na zipu ni nini kama si breki ya suruali?

Jumanne, 11 Juni

Fundi wa gari kafungua tairi la mbele. Mtaani tunamwita Fundi Pole, kwa sababu neno lake la kwanza kwa kila mtu ni pole, hata ukija kumsalimia tu. Leo alilisema mara mbili.

Kanieleza, nami nimeelewa upesi kuliko alivyotarajia. Kuna diski, sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Kuna pedi, vibao viwili vinavyoibana hiyo sahani mpaka gari litii. Pedi zetu zimelika hadi chuma, na hicho chuma kimeichimba diski mifereji. Akakipitisha kidole changu juu yake. Kama kitambaa cha kodrai! Nikauliza tukibadili pedi peke yake je. Akasema hiyo ni sawa na kuvaa shati jipya bila kuoga. Diski mbili, pedi za pande zote mbili, au nisimsumbue.

Akasema niende dukani na diski kuukuu iwe mfano, au nitaje aina ya gari na mwaka wake.

Kupita mjini nimebeba chuma chenye kutu? Mimi? Nguo haishonwi kwa kumbeba mteja begani. Inashonwa kwa vipimo. Nikatoa futi yangu shingoni, nikaipima ile diski kiuno. Nikapima na upana, bega kwa bega. Nikavitia kichwani. Fundi Pole akasema pole.

Duka la spea limejaa wanaume watupu, wote wameegemea kaunta kama nguo zilizoanikwa. Nikapenya. Muuza spea, miwani juu ya kipara, akauliza gari gani. Nikasema jeupe. Akauliza la mwaka gani. Nikasema mwaka siujui, kaka yangu, sisi tulilikuta limeshazaliwa, lakini kiuno chake ninacho. Kaunta nzima kimya! Wameshtuka. Hawajawahi kuona mteja aliyejiandaa hivyo. Muuza spea akaishusha miwani, akaniangalia, akaipandisha tena.

Kwa gari dogo la mjini, akasema, nichukue diski za kawaida zisizo na madoido, na pedi za kauri. Hazipigi kelele, hazitoi vumbi jingi, zinashika tangu asubuhi. Akaziweka mbele yangu. Rangi ya majivu. Majivu! Mama atoke hospitali apokewe na majivu?

Ndipo nikaziona. Ukutani. Diski zenye matundu madogo madogo na mistari iliyojipinda, mng'aro mtupu. Lesi! Lesi ya chuma! Na kando yake pedi nyekundu, nyekundu ya bibi harusi mwenye msimamo. Akasema hizo ni za mashindano, za watu wanaokimbiza magari, na pedi zake hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Nikamwambia moto upo. Foronya kwetu naianika inakauka nikiwa bado nimeishika. Akasema si moto huo. Nikamwambia anifungie.

Wifi atakapoliona gari langu limeegeshwa, lesi inachungulia ndani ya magurudumu, atajua mimi si mtu wa zipu tu.

Chiriku amejitazama kwenye diski kama kioo. Amejibusu.

Jumatano, 12 Juni

Kiuno sawasawa kabisa! Nilijua.

Ila gari letu linafungwa kwa bolti nne, na diski zangu zina matundu matano. Nilipima kila kitu, sikuhesabu vifungo. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Nikamuuliza Fundi Pole kama hatuwezi kuliziba moja. Akasema pole, pole sana, safari hii kwa huruma ya kweli. Akanipa diski kuukuu mkononi, niende nayo, na hakutaka mjadala.

Sawa. Lakini kutu siionyeshi watu. Nikaiviringisha kwenye shali la Chiriku la uchanga, lile la manjano, nikaikumbatia. Chiriku akanishika sketi. Tukaenda.

Ajabu, mji wote ukawa na adabu. Watu wananipisha. Mwenye toroli kasimamisha toroli. Mlangoni mwa duka la viatu bibi mmoja kanipa hongera, akauliza wa kike au wa kiume. Sikutaka kumvunja moyo. Nikasema wa kiume. Akasema anaonekana mzito. Nikasema ananyonya vizuri, Bibi, hasumbui. Akasema nimfunike, upepo mbaya. Nikamfunika.

Sasa nani anatoka mle dukani na mfuko wa viatu? Wifi. Akanitazama, akamtazama Chiriku, akalitazama shali. Akahesabu. Akauliza, kwa sauti ambayo hata mlemavu wa masikio angeisikia, Jumatatu nilikuwa sina tumbo, je, huyu nimemwokota wapi. Nikasema amelala. Chiriku wangu, ambaye hajui kuficha jambo, akalivuta shali na kupiga kelele: “Beki!”

Neno jipya! Nimeliandika hapa na tarehe. Watoto wa umri wake bado wanasema maji.

Yule bibi akamtazama mwanangu wa kutu, akashika kifua, akaingia dukani bila kuaga. Wifi akaketi kwenye ngazi kabisa, viatu vipya kando, akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema hili lazima Mama alisikie. Nikamwambia acheke haraka haraka, Jumamosi haiko mbali.

Dukani, muuza spea hakuniuliza chochote. Alichukua simu akampigia mume wangu, akamuuliza aina ya gari na mwaka. Sikupenda. Nilikuwa nimesimama hapo hapo! Ila akapata jozi moja tu ya diski za lesi zenye matundu manne, kuna mtu aliagiza hakurudi, na pedi nyekundu za saizi yetu. Jozi moja, inanisubiri mimi. Hiyo si bahati, hiyo ni nyota. Akazisogeza tena zile za majivu mbele yangu, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Nikazirudisha kwake kwa kidole kimoja.

Alhamisi, 13 Juni

Zimefungwa! Zimefungwa! Zimefungwa!

Fundi Pole kaziosha kwanza kwa dawa ya kusafishia breki. Eti diski mpya hutoka kiwandani zimepakwa mafuta zisipate kutu, na yasipotolewa hazishiki. Kasema mafuta ni adui wa breki, hata kidole chenye mafuta nisiguse. Kisha nikimbize gari kidogo, nikanyage taratibu, nikimbize, nikanyage, mara nyingi, bila kusimama kabisa, mpaka pedi na diski zizoeane. Ni kama maharusi, kasema, wiki ya kwanza usiwapigie kelele. Sijui amejuaje, hajaoa.

Kuhusu pedi nyekundu alitikisa kichwa. Alinishika bega tu.

Nimeegesha upande ambao jua linapiga. Kinyozi, jirani yetu, katoka nje na mkasi mkononi, mteja wake nyuma yake nusu ya kichwa imenyolewa, wote wawili wakainama kutazama lesi. Kinyozi akauliza kama gari limeongezwa injini. Sikukataa, sikukubali. Nilitabasamu.

Mambo mawili madogo tu.

La kwanza: zikiwa baridi, hazijaamka, hazishiki sana. Nilikanyaga langoni kwetu nikasimama langoni kwa kinyozi. Nikashuka, nikamsalimia, nikamuuliza hali ya watoto, kama niliyekusudia.

La pili: zinalia. Tena zaidi. Zamani alikuwa mbuzi. Sasa ni mbuzi aliyepewa kipaza sauti. Nimepita barabara ya sokoni nikaona watu wamejiziba masikio kabla sijakanyaga.

Mume wangu kasema, kwa upole wake ule unaoudhi, turudi tu tukachukue za majivu, siku bado zipo. Nikamwambia maharusi hawaachanishwi siku ya kwanza. Akasema Jumamosi ni keshokutwa. Nikamwambia najua kusoma kalenda, ndicho nilichosoma vizuri kuliko vyote shuleni.

Nimekwenda kukaa kidogo chumba cha Mama. Pazia linapepea. Nimelipiga pasi likiwa limening'inia.

Ijumaa, 14 Juni

Jamani akili! Jamani akili hii nimeipata wapi mimi!

Asubuhi nilikuwa nashona sare za shule, cherehani ikaanza kulia. Kwii, kwii. Nikachukua kikopo changu chenye mdomo mrefu, tone hapa, tone pale. Kimya. Nikaitazama cherehani. Nayo ikanitazama. Gurudumu lake linazunguka. Diski inazunguka. Cherehani ilikuwa inalia. Diski inalia. Mwenye macho haambiwi tazama!

Ni kweli, Fundi Pole alisema habari za mafuta. Lakini Fundi Pole anayajua mafuta yake, yale meusi yanayomganda mpaka kwenye nyusi. Hajui mafuta ya cherehani. Haya ni mepesi, ni safi, yakidondokea kitambaa cheupe, ukikifua mara moja hayaachi doa. Mafuta yasiyomdhuru bibi harusi yataidhuru breki? Tena kumbe ndiyo maana nyota yangu ilichagua diski za matundu! Mdomo wa kikopo unapita katikati ya rimu bila kufungua tairi. Tone kwa kila tundu. Nikasukuma gari mbele kidogo, nikatia tena. Nikasukuma nyuma. Nikazipangusa kwa kitambaa laini zienee. Zinang'aa! Unaweza kujipaka wanja humo.

Nikapanda, nikaenda mpaka kwa kinyozi na kurudi. Nikakanyaga. Kimya! Kimya cha maktaba! Kimya cha mtoto aliyeshiba!

Nimempigia Wifi simu aje asikie kwa masikio yake. Nimemwambia aje na yale masikio aliyokuja nayo hospitali.

Ijumaa hiyohiyo, alasiri

Naandika nikiwa nimekaa. Mchanga bado unanitoka kwenye nywele.

Wifi alikuja. Nguo nzuri, viatu vile vipya. Chiriku nilimwacha na baba yake, nashukuru. Wifi akaketi mbele, mkoba mapajani, akafunga mkanda, akasema haya wifi yangu, niimbie. Tukashika barabara ya nyuma, ile isiyo na magari, wanapojenga ghorofa. Mwendo wa baiskeli tu, tena baiskeli ya mzee.

Nikakanyaga. Kimya. Nikamtazama. Akakubali kwa kichwa, akasema kwa kweli ni kimya, hongera. Hongera! Wifi! Nilitaka nisimame nilale hapo na neno hilo.

Tatizo ni hilo la kusimama.

Wifi akasema haya sasa simama. Nikasema nasimama. Akasema mbona miti inapita. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Breki za nyuma zilijitahidi, maskini, lakini za mbele zilikuwa zinateleza kwa raha zao. Gari likapunguza mwendo kama mtu anayefikiri. Likafikiri likipita kibanda cha mlinzi. Likafikiri likipita mashine ya zege. Mbele yetu rundo la mchanga, kubwa, laini. Nikalielekeza hapo kwa makusudi kabisa. Tukaingia mpaka taa zikafunikwa, tukatulia kama kuku anayetaga.

Mafundi ujenzi wakasimama na makoleo yao. Mmoja akachungulia dirishani, akauliza kama sisi ndio tumekuja kuupima mchanga.

Hakuna aliyeumia. Gari halina hata mkwaruzo. Wifi anadai kilichotuokoa ni ile handibreki aliyoivuta yeye. Mimi nasema ni mchanga, na mchanga niliuchagua mimi.

Akaniuliza nilifanya nini. Nikamwambia. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua viatu, akamwaga mchanga, taratibu, kimoja kimoja. Akasema, wifi, breki zako zimenyamaza kweli, zimenyamaza kama marehemu. Kisha akasema mguu mmoja hospitalini unatosha, Mama atapanda gari lake kesho na atakaa kwake, na asingependa tubishane. Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma.

Sikubisha.

Nimeingia chumba cha Mama nikamkuta Chiriku amelala juu ya foronya ya bibi yake, mdomo wazi. Sikumtoa. Nimeketi pembeni. Sikulia, ni mchanga.

Jumamosi, 15 Juni

Fundi Pole alikuja kwetu mapema. Aliinusa diski. Alininusa mimi. Akauliza ni mafuta ya nini. Nikataja. Mara hii hakusema pole, alikaa chini kabisa. Kasema pedi zikishayanywa mafuta hazioshwi zikapona, ni za kutupa, na diski atazisafisha upya mpaka zisahau. Zile nyekundu amezitupa mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyekwenda dukani kuchukua za majivu. Mimi sikwenda. Nina moyo mmoja tu.

Gari halingewahi. Basi mimi na Chiriku tukapanda nyuma ya gari la Wifi, kama mizigo. Vioo vilipanda vyenyewe.

Mama akatoka wodini kwa miguu yake! Polepole, ameshika kigongo chake kipya cha kutembelea, cha miguu minne, ananyanyua, anatua, anasogea. Nikamwona akinitafuta kwa macho. Nikamshika mkono. Alinishika kama siku ile.

Hatujafika hata kwenye lango, Wifi kaanza. Alimhadithia yote. Kiuno cha diski. Bibi wa duka la viatu na mjukuu wa kutu. Kikopo cha cherehani. Mchanga. Alihadithia vizuri, siwezi kumnyima haki yake, aliniigiza hata nilivyokuwa nakanyaga kwa miguu miwili. Nikatazama nje. Kisha nikasikia sauti ngeni, kama mtu anakwama. Ni Mama. Anacheka. Anacheka ameshika mguu, anasema acha, acha, nyuzi zitakatika, halafu anasema endelea. Wifi ilibidi asimamishe gari pembeni. Wakacheka wote wawili vichwa vikigongana. Chiriku naye akacheka, hajui nini. Mwisho nikacheka mimi, nifanyeje.

Tukafika njia panda. Kushoto kwa Wifi. Kulia kwetu. Wifi akawasha taa ya kushoto.

Mama akasema kulia.

Wifi akasema Mama, tulikubaliana, breki hazikupona. Mama akasema yeye hakukubaliana na mtu, alikuwa amelala mguu juu. Kisha akasema, nayaandika maneno yake kama yalivyo:

“Mwanangu, kwako kila kitu kipo mahali pake. Nitakaa nikitazama saa. Huyu mwenzio akiachwa bila mtu mzima, wiki ijayo atalipaka jiko losheni.”

Wifi kaushika usukani. Taa ya kushoto ikaendelea kupepesa, tik, tik, tik. Halafu akaizima, akawasha ya kulia. Akasema sawa, lakini yeye atakuja kila jioni kukagua. Mama akasema aje na mboga.

Nimeshinda!

Wifi mwenyewe ndiye aliyembebea Mama mkoba mpaka chumbani. Akasimama katikati, akatazama pazia, akatazama foronya, akatazama tena pazia. Akaniuliza kitambaa kile kimebaki. Anataka la sebuleni kwake! Nikasema nitaona kama nina nafasi. Ninayo.

Mama kaketi kitandani, kaipapasa foronya, kasema sasa hiki ndicho chumba. Chiriku kampandia upande wa mguu mzima, akamwonyesha gari dirishani, akamwambia lile neno lake.

Nimefikiri sana jioni hii nikimenya viazi. Ningezichukua zile za majivu tangu Jumanne, zingeshika, zingenyamaza, Mama angepanda nasi, sawa. Lakini je, angecheka? Na asingecheka, je, angejua jinsi anavyohitajika hapa? Mtu anaweza kuletwa na gari akaondoka na gari. Mama kaletwa na kicheko. Kwa hiyo pedi nyekundu zilifanya kazi yake. Na mafuta nayo. Tusidharau mafuta.

Jumapili, 16 Juni

Gari linasimama pale unapoliambia. Kimya. Majivu kwa ndani, lesi kwa nje, kama mtu mwenye hekima aliyevaa vizuri. Nimemwambia mume wangu mchanganyiko huo nilikuwa nao kichwani tangu mwanzo. Fundi Pole kamwomba, yeye, si mimi, kikopo changu kikae kabati la juu. Sikuchukia. Mafundi wakubwa huoneana wivu.

Mama kalala vizuri, kanywa chai, kanisifu. Sasa amejinyoosha kidogo.

Lakini kuna jambo nimeliona tangu jana, na sijui hospitali nzima hawakulionaje. Kile kigongo cha miguu minne kinamchosha. Ananyanyua, anatua, anasogea, ananyanyua tena. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ameshatweta. Kosa liko chini: miguu yote minne imevalishwa vipira vinavyong'ang'ania sakafu. Nani alibuni kitu cha kutembelea kisichotaka kwenda?

Kinyozi anatupa kiti chake cha zamani, kile cha kuzunguka. Nimemwomba magurudumu yake. Yako mazima, madogo, ukiyagusa tu yanakimbia. Vipira nimeving'oa, magurudumu yameingia barabara, kana kwamba kigongo kilikuwa kinayasubiri. Nimekisukuma kwa kidole. Kimetoka chumbani, kimepita sebule nzima, kimekwenda kugonga mlango wa nje chenyewe. Sakafu nimeipiga deki ikang'aa, kisije kikakwama popote.

Mume wangu kauliza kitasimamaje. Hawa wanaume! Nimemwambia mama yako ana mguu mmoja mbovu, mbio atazitoa wapi?

Nakisogeza karibu na kitanda. Anakohoa. Ameamka.